Figa la Tatu

Kila alfajiri Landy Uc na mama yake, Bi Fausta, walikaa jikoni kwenye vigoda vyao wakizipigapiga chapati za mahindi viganjani, mlio wa mmoja ukiuitikia wa mwenzake. Asubuhi ile, katikati ya mlio, figa la tatu likapasuka. Kikaango kikainama, chapati ikateleza hadi jivuni.

Mafiga mawili hayainjiki kitu. Walipoliondoa jiwe lililopasuka, Landy aliinama upesi kutazama chini yake. Hapo ndipo, kama mabinti wote wa kijiji chao, kilipozikwa kitovu chake ili asiende mbali na moto wa nyumbani. Vya wavulana hupelekwa msituni, wapate kwenda mbali. Alitarajia kijifurushi cha kitambaa. Palikuwa na jivu, na chini ya jivu udongo mtupu.

"Mama, kitovu changu kiko wapi?"

Bi Fausta alijipangusa mikono polepole. "Nenda kule kwenye magofu, kanitafutie figa jingine. Ngazi inapoanzia, penye mti uliokumbatia ukuta. Uende peke yako. Na uji wa wenye msitu usiusahau."

Mfukoni mwa Landy mlikuwa na barua ya kuikataa kazi ya ualimu mjini Mérida. Dereva wa gari la huko angeipitia adhuhuri. Mama hakuuliza ameandika nini, naye hakusema. Binti aliyekua akijua kitovu chake kiko chini ya mafiga angemwambia nini mama mjane?

Njia ya kale ilikuwa nyeupe, nayo imefunikwa na ukungu mwepesi, hata miguu yake aliiona kama ya mtu mwingine anayetembea mbele yake. Penye mizinga ya nyuki, mzee Nazario aliinua kichwa.

"Landy wee! Umefukuzwa au unaenda kuolewa na mizimu?"

"Natafuta figa, mzee."

"Figa! Wenzako wanatafuta wachumba!"

Jibu lilimjia hatua hamsini mbele, kama kawaida yake. "Mchumba hawezi kubeba kikaango," aliiambia miti.

Magofu hayakutokea mara moja. Kwanza jiwe moja lililochongwa, kisha mawili, kisha kilima kizima kikawa ngazi. Jua lilipenya kwa vitone, na kila kitone kilipotua ilikuwa kama mtu amefumbua jicho. Landy alimwaga uji wa mahindi, akaomba ruhusa kwa kunong'ona, akainua jiwe lililokaa chini ya mizizi.

Chini yake palikuwa na kibuyu kidogo kuliko ngumi. Ndani yake, kitambaa chenye maua mekundu, yaleyale ambayo mama yake hushona shingoni mwa gauni zake. Na ndani ya kitambaa, kitu kikavu kama punje.

Akilini alimwona mama yake wa miaka ishirini na miwili iliyopita, uzazi bado haujamtoka mwilini, akitembea peke yake kwenye njia hii nyeupe na kitovu cha binti, akikipeleka vinakopelekwa vya wavulana. Ng'ambo ya magofu njia ilikuwa ikiendelea, kuelekea machweo, upande wa Mérida. Landy hakuwahi kuiona ikiendelea.

Akakirudisha kibuyu, akakifukia vizuri. Akachagua jiwe la jirani, akalibeba kifuani kama mtoto.

Mama yake alilipima kwa kiganja, akalikalisha. Lilikaa sawa.

"Umekikuta?"

"Nimekikuta."

"Hata baba yako hakujua." Bi Fausta alikuwa akikisawazisha kikaango, ingawa kilikwisha kuwa sawa. "Nilitaka kukwambia ulipoanza shule. Nikaogopa usije ukaondoka mapema."

Landy alitoa barua mfukoni, akaiingiza katikati ya mafiga, chini ya kuni. Moto uliishika pembeni, ukaifungua ukurasa kwa ukurasa kana kwamba unaisoma. Nje, gari la Mérida lilipiga honi. Safari hii jibu halikuchelewa.

"Mama," alisema, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, "nataka kwenda."