Taa Mbili za Mama Isabela

Gabriel alikuwa mtu wa kuchekesha hata matangani, na watu wa mtaa wa Mkomaindo, Masasi, walishamzoea. Alikuwa Bwana Shamba, Mngoni wa Songea aliyeletwa Masasi na serikali. Mtani wake mkubwa alikuwa Nathanaeli, mwalimu, mtoto wa ukoo wa Kianglikana ulioanza kuimba zaburi kabla hata barabara haijafika. Zamani babu zake Gabriel waliivamia Masasi wakachoma nyumba za misheni, na katika ubaya ule ukazaliwa utani. Mngoni na mtu wa Masasi wakikutana sharti wachokozane, na atakayekasirika aibu ni yake. Nathanaeli akimwona Gabriel anawasha sigara, huwaambia waliopo walifiche kanisa. Gabriel naye hapiti uani kwa Nathanaeli bila kuwaulizia kuku, maana eti babu yake aliwasahau pale siku ile akiwa na haraka.

Mwaka 1969, likizo ya Juni, Gabriel alitumwa kukagua bonde la mpunga la kijiji kipya cha ujamaa kando ya ziwa dogo lililoko chini ya Newala, upande wa mto Ruvuma. Nathanaeli akaomba lifti. Alikuwa na hema tangu enzi zake za skauti, na alikuwa amesikia kwamba ziwa lile lina minara ya taa. Alipokuwa kijana aliuona mnara wa taa unaoongoza meli kule pwani, na tangu hapo hakuacha kuusimulia. Gabriel akamuuliza ni meli gani itakayopita kwenye ziwa ambalo mtu analizunguka kwa shibe ya ugali mmoja.

Basi wakaondoka, Landrova ikipanda uwanda wa Makonde kwa gia ya kwanza, hewa ikizidi kuwa ya baridi. Walipiga kambi Makote chini ya mikorosho. Nathanaeli alikaza kamba za hema kwa mafundo yake ya skauti, na Gabriel akasema kwao Songea hata mbuzi wanajengewa vizuri zaidi. Kesho yake, Newala, walisimama ukingoni pa Shimo la Mungu wakaliona bonde lote limetandazwa chini, Ruvuma iking'aa, na ng'ambo Msumbiji. Kule ulipanda moshi ambao hawakujua kama ni wa mashamba au wa vita.  Kisha Nathanaeli akasema waende, meli zinangoja.

Minara yenyewe ilikuwa nguzo mbili za miti. Fupi ilisimama karibu na maji, imeshikizwa kwa mawe. Ndefu ilikuwa nyuma yake, juu ya kichuguu. Mwenye nayo alikuwa Mama Isabela, mama wa makamo aliyekimbia vita Msumbiji na watoto wake wawili. Waliokuwa wakivuka Ruvuma baada yake walifikia ng'ambo ya ziwa, na kwa kuwa kando kulikuwa na kinamasi, mvuvi mmoja, Petro, ndiye aliyewaleta kwa mtumbwi. Jua likizama kabla mtumbwi haujarudi, Mama Isabela huning'iniza chemli kwenye kila nguzo, nyuma yake kipande cha debe ili mwanga uende ziwani tu. Petro aliwaeleza wageni kwamba ukiwa majini, taa ya juu ikikaa sawasawa juu ya taa ya chini, uko njiani. Zikiachana, umeingia kwenye visiki vya miti iliyozama, huko wanakolala viboko.

Nathanaeli alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Siku ya tatu akaomba kwenda ng'ambo na Petro, ili wakirudi jioni azione taa kutoka mahali pa nahodha. Petro akasema ng'ambo hapakuwa na watu wa kuvusha siku ile, watakuwa wao wawili tu.

Gabriel alibaki kambini akisonga ugali na kucheka peke yake. Mama Isabela aliwasha taa, akapanda kijijini kutwanga. Gabriel akaitazama nguzo fupi. Mawe matatu tu. Aliyaondoa, akaisogeza nguzo hatua chache kushoto, akayapanga tena. Kwa hesabu yake mtumbwi ungepotoka kidogo ukakwama topeni mbele ya hema, Nathanaeli ateremke na matope hadi kiunoni. Neno la kumpokelea lilikuwa tayari. Angemuuliza nahodha mizigo yake aipokelee bandari gani.

Neno lile halikutumika. Ulisikika mti ukipasuka, na mbali na pale alipopakusudia. Kisha sauti ya Petro ikiita watu. Kisha sauti ya mwanamke, ambaye hakutakiwa kuwamo, na kilio cha mtoto mchanga.

Gabriel alikimbia, lakini hakukimbilia majini kwanza. Alikimbilia nguzo, akairudisha mahali pake. Baadaye alijiambia aliirudisha ili walioko ziwani waione njia. Lakini mtumbwi ulikuwa umekwisha kupasuka, na hilo alilijua mikono yake ikiwa bado kwenye mawe.

Wanaume wa kijiji waliingia na kamba, naye akaingia nao. Walimkuta Petro ameushikilia mtumbwi, yule mwanamke amemng'ang'ania Petro, na Nathanaeli amemwinua mtoto juu ya kichwa, goti lake limebanwa kati ya mtumbwi na kisiki. Mama na mtoto walikuwa wamejitokeza ng'ambo dakika ya mwisho. Wote walitoka hai.

Asubuhi Hamidu, mwenyekiti wa kijiji, aliitisha wazee penye nguzo. Mama Isabela alichutama akayatazama mawe, akasema hayakukaa kama alivyoyaweka yeye. Wazee wakasema labda hakushindilia, nguzo ikacheza. Wakasema basi taa ziishe, na uvushaji usimame, kabla hajaua watu.  Mama Isabela alizichukua chemli zake, moja kila mkono, akaenda nyumbani. Gabriel alikuwa amesimama pale na kikombe cha uji. Kinywa alikuwa nacho, na siku zote kilimtii. Siku ile kilikunywa uji.

Njia nzima ya kwenda hospitali ya Ndanda, Nathanaeli alikuwa akiuma meno kwenye kila shimo la barabara, na katikati ya mashimo akimwambia mtani wake kwamba Mngoni akipewa gari analiendesha kama ng'ombe wa wizi. Daktari alisema goti litapona, ila halitakunjika tena. Ida, mke wa Nathanaeli, alipofika kutoka Masasi alimshika Gabriel mikono yote miwili akamshukuru kwa kumwahisha mumewe. Gabriel akatoka nje akakaa kwenye ngazi hadi shemeji yake alipokwenda kuchota maji. Ndipo akarudi kitandani.

"Baba Julia," alimwambia Nathanaeli, "ile nguzo niliisogeza mimi."

Nathanaeli alilifunua shuka, akalitazama goti.

"Babu yako alichoma misheni nzima," alisema. "Wewe goti moja. Wangoni mnaishiwa nguvu."

Gabriel hakucheka. Alimwomba amtukane tusi la kweli, amfukuze, amrushie hata lile bakuli.

"Siwezi. Nikikukasirikia wewe, siku yangu nani atachekesha watu kaburini?" Akajaribu kugeuka, goti likamkataza. "Langu limekwisha. Lakini yule mama si mtani wako, Gabriel."

Miaka yote Nathanaeli alikuwa akimwita Mngoni. Mpaka siku ile Gabriel hakuwa na uhakika hata kama mtani wake analijua jina lake la ubatizo.

Alirudi peke yake, akapita Makote na Newala bila kusimama. Alimkuta Mama Isabela akianika makopa ya muhogo. Nguzo mbili zilikuwa zimelazwa kando ya jiko. Ng'ambo ya ziwa ulionekana moshi mwembamba wa watu wanaongoja kuvushwa. Gabriel alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, tena akakaribishwa kigoda. Hakukaa. Alikuwa ameandaa kichekesho cha kuanzia. Alipokitafuta hakukiona, akasema tu alichofanya, pamoja na habari ya kuirudisha nguzo.

Mama Isabela aliendelea kupanga makopa hadi ungo ukawa mtupu.

"Kwa nini?"

"Utani, mama."

"Mimi nina utani na wewe?"

"Hapana, mama."

Alimpeleka kwa Hamidu, na Gabriel akayarudia yote mbele ya wazee waliompikia kuku wiki iliyopita. Wakaruhusu taa ziwashwe. Kuku hakuletwa.

Jioni ile nguzo zilisimikwa tena, na Petro alikuwa amekwisha kuuziba mtumbwi. Mama Isabela akamwambia Gabriel aende naye, akae mbele, yeye ndiye aangalie taa. Wakavuka, kisha wakageuza. Walikuwa wamebeba wazee wawili na binti, giza limeanza kuyala maji, na Gabriel akaziona taa zimeachana kidogo.  Alijua zilikuwa mikononi mwa mtu asiye na sababu ya kumtakia mema. Akanyoosha mkono kulia. Petro akapiga kafi, na taa ya juu ikajongea polepole hadi ikakaa juu ya mwenzake. Visiki vikapita pembeni, vyeusi, kimoja kimepasuka ncha.

Mama Isabela alikuwa amesimama ameishika nguzo fupi kwa mikono miwili, ingawa mawe yalikuwa yamerundikwa mpaka magotini. Aliwapokea wazee, akamfunika binti kwa kanga. Kisha akamwita Gabriel, akamwambia aishike yeye, mpaka mzigo wote ushuke.

Akaishika. Mzigo ulishuka, mtumbwi ukafungwa, watu wakapanda kijijini kwenda kula. Hakuna aliyemwambia aiachie, naye hakuuliza.