Kadi Zilizonyooshwa Kingo

Kadi zenyewe zilikuwa kumi na mbili, ndani ya kopo la biskuti lililopauka rangi. Galen alizikuta darini kwa shangazi yake Leona, siku aliyopanda kuziba paa lililokuwa likivuja. Alishuka ngazi polepole kama mtu aliyebeba mayai, akaliweka kopo juu ya meza ya jikoni, akafunua, akatazama, akafunika tena upesi.

"Shangazi, hizi zilikuwa za nani?"

"Za babu yangu. Si alikuwa na duka la peremende pale karibu na kanisa? Kila pakiti ilikuja na kadi ya mchezaji wa besiboli. Zilizombakia alizitupia humo."

"Humu yumo Heffler, yule mrusha mpira wa zamani. Nchi nzima zinajulikana kadi zake tatu tu. Tatu! Hii ni ya nne. Vitabu vya sisi wakusanyaji itabidi viandikwe upya." Akashusha pumzi. "Usiziguse, shangazi. Hata vumbi usipanguse. Jumamosi tunazipeleka kwenye mkutano wetu wakusanyaji."

Leona akacheka, akamwambia atazigusa ili iweje.

Lakini Leona alikuwa mshonaji wa mablanketi ya viraka, na hakuna kata yoyote ya jimbo la Ohio alikoshindwa kwa unyoofu. Kila kiraka alikipima kwa rula yake ndefu na kukikata kwa kisu chake cha gurudumu, kile kinachoviringishwa juu ya kitambaa, hata kama kilizidi kwa upana wa uzi mmoja tu. Alhamisi alifungua kopo aangalie tu. Akakuta kingo zimechakaa, zina manyoya kama kitambaa kilichofumuka, na picha ya Heffler mwenyewe imekaa upande kwenye kadi yake. Leona akaona haya. Vitu vya kwao vikatazamwe na watu wazima vikiwa katika hali ile? Kwao mgeni hatandikiwi blanketi lililopinda.

Basi akachukua sehemu laini ya ndani ya mkate mweupe, akaifinyanga, akausugua uchafu taratibu kama mama yake alivyokuwa akisafisha karatasi za ukutani. Kisha akaweka rula, akapitisha kisu. Kilitoka kiuzi tu, chembamba kuliko kipande cha ukucha. Heffler kwanza, halafu wale kumi na mmoja. Akazirudisha koponi moyo wake mweupe kabisa.

Ijumaa Galen akapiga simu. Kwa furaha aliyokuwa nayo alizungumza hili na lile, mpaka akafika kwa wadanganyifu. "Wapo wanaokata kingo, shangazi, ili kadi ya zamani ionekane mpya. Kadi iliyokatwa imekwisha heshima. Na mkataji tukimjua, hakai tena mezani petu."

Leona akalitazama kopo juu ya meza. "Ehe," akasema. "Na huko mvua inanyesha?"

Usiku mzima aligeukageuka kitandani. Asubuhi alijisemea kuwa atamwambia wakiwa garini. Garini wakazungumza habari za paa.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa chini wa kanisa. Desturi yao, kadi zilizogunduliwa karibuni hufunguliwa kwa mara ya kwanza mbele ya wote, kwa hiyo Galen hakuwa amelifungua kopo tangu ile siku ya paa. Leona alikuwa ameoka pai mbili za tufaha, akasimama nazo karibu na birika la kahawa.

Mzee Tuttle, mpimaji wao, akavaa glavu. Akamtoa Heffler, akamwekea lenzi, akaweka rula, akapima tena. Watu wakaacha kunywa kahawa.

"Imekatwa," akasema. "Na si zamani. Ukingo bado mweupe." Akatoa ya pili, ya tatu. "Zote."

Virgil Amstutz, ambaye mojawapo ya zile Heffler tatu ilikuwa yake na alikuwa hajalala wiki nzima kwa hofu ya hiyo ya nne, akacheka kwa sauti. "Ama kweli, Galen! Kinyozi wako nani? Nami nimpelekee kichwa changu!"

"Mimi sikuzikata."

"Basi zilijinyoa zenyewe humo koponi!"

Galen akageuza uso kuelekea kwenye birika la kahawa. Leona akainamia pai, akaanza kukata vipande. Alikata kwa uangalifu, vyote sawasawa, na kwa kila kipande alijiambia: hiki kikiisha, nasema.

"Galen," Mzee Tuttle akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kicheko, "hebu toka mezani kwanza."

Kijana wa watu akasogeza kiti chake nyuma, akaondoka. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia kisu kikiwekwa chini.

"Ni mimi," Leona akasema. "Nimezikata mimi, kwa kisu changu cha viraka. Alinikataza, sikusikia. Nikajua jana kuwa nimeharibu, nikanyamaza. Na hapa pia nimenyamaza, mmemtukana nasikia."

Mtu mmoja akasema, "Lo!" Virgil akatazama viatu vyake. Mzee Tuttle akavua glavu, akamfuata Galen mlangoni, akamshika mkono na kumrudisha kitini. Daftarini aliandika kuwa Heffler wa nne yupo, amekatwa. Watu wakapanga foleni kumtazama hata hivyo. Pai hazikuguswa.

Walikuwa karibu kufika nyumbani Galen aliponena.

"Nilijua ni wewe pale pale kopo lilipofunguliwa. Nani mwingine anaweza kunyoosha vile?"

"Na hukusema?"

"Nilikutazama, shangazi. Mara mbili." Akapunguza mwendo, akakata kona. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, kabla sijafika mlangoni."

Leona alitaka kumwambia pole, lakini neno lenyewe aliliona dogo. Gari liliposimama alibaki ameketi, mikono mapajani, mpaka Galen akazunguka akamfungulia mlango.