Kichwa cha Chewa

Hakuna mtu kisiwani Tarawa aliyemtakia Biribo mabaya, na hilo ndilo la kuogopa. Waliompenda ndio waliomlisha.

Biribo alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Kisiwa chenyewe chembamba kama mkanda, barabara moja tu, bahari huku na bahari kule, naye aliikimbia kila alfajiri mpaka mbwa wakachoka kumfukuza. Alishakwenda Fiji na Samoa kuiwakilisha nchi, akarudi mikono mitupu. Sasa zilikuwa zinakuja mbio za mchujo pale pale nyumbani. Mshindi ataruka kwenda mashindano makubwa ng'ambo, na kila mtu alishajua mshindi ni nani.

Siku moja kabla, kijiji kikamfanyia karamu kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji. Mjomba wake, Tawaia, akaleta chewa mkubwa aliyemvua kule mwambani, upande ambao meli zilichimbiwa njia. Akeneti, mama mtu, akasita.

"Kaka, samaki wa upande ule si wanasemwa wana sumu?"

"Wewe Akeneti, hata nazi ikidondoka unaona msiba! Paka nimempa mkia toka asubuhi. Mwangalie, amelala kama waziri!"

Watu wakaangua kicheko. Akeneti naye akacheka, akapika. Kichwa ni haki ya mwenye shughuli, kwa hiyo Biribo akapewa kichwa, na ini juu yake. Wazee wakamkazia macho mpaka akafyonza mfupa wa mwisho. Angekataaje?

Asubuhi akasema, "Mama, midomo inanichonyota."

"Woga huo, baba. Nenda."

Akeneti akasimama njiani, kwenye kijiji cha Bikenibeu, na chupa ya maji ya barafu. Biribo akatokeza, mbele, peke yake! Wanawake wakapiga makelele. Akeneti akammwagia maji shingoni kama siku zote.

Biribo akapiga ukelele ambao mama yake hajawahi kuusikia.

"Mama! Unaniunguza!"

"Ni ya barafu, Biribo!"

"Yanachemka! Nani kakupa maji ya moto?"

Akeneti akajimwagia mkononi. Baridi tupu. Akadhani mwanawe amerukwa na akili. Miguu ya Biribo ikakunjika, akakaa chini kwenye lami kama mtoto. Tekoti, aliyekuwa wa pili, akampita huku akigeuka nyuma, kama anayeona aibu kumpita.

Zahanati, nesi hakuuliza jina kwanza.

"Amekula samaki gani?"

"Chewa," Akeneti akajibu.

"Sehemu gani?"

"Kichwa. Na ini."

Nesi akafumba macho. "Huko ndiko sumu inakojaa. Ndiyo inayomfanya ahisi baridi kama moto. Na moto hauiondoi, upike utakavyopika."

"Lakini paka..." Tawaia akaanza.

"Paka alikula nini?"

"Mkia," akasema.

Nyinyi wenye watoto, msimwamini paka. Wala msiche kuchekwa.

"Nitakimbia lini?" Biribo akauliza.

"Miezi, labda. Ukijichosha mapema, itakurudia."

Nje watu walikuwa wanamshangilia Tekoti. Biribo akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka. Akeneti akamshika bega. Mikono yake ilikuwa imepoa kwa hofu.

"Mama, toa mkono. Unaunguza."

Akauondoa haraka. Akaitia mikono yote miwili kwapani ipate joto, akaketi ukingoni mwa kitanda, akimtazama mwanawe analia, asiweze kumgusa.