Pedali za Upande wa Mwalimu

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunamwita Rubani. Ni kwa sababu ya miwani yake ya jua, na ile tabia ya kutangaza safari kabla hajawasha gari: "Abiria, fungeni mikanda." Leseni aliipata kwa njia anazojua yeye na Mola wake. Darasa la udereva hajawahi kutia mguu.

Basi Jumamosi ile nilimshukuru Mungu kwa uvivu wake. Mtu aliyesomea udereva anajua kwamba gari la shule lina pedali nyingine upande wa mwalimu, klachi na breki. Mimi ni mwalimu wa udereva, gari ni langu la kazini, na pedali zangu nilizifunika vizuri kwa begi la chapati.

Tulikuwa tunampeleka mama mkwe apumzike kidogo, hoteli ya ufukweni, kwa ile barabara inayopanda na kushuka huku bahari iko chini upande mmoja. Gari la Rubani lilikuwa gereji.

"Tutatumia lako, shemeji," aliniambia. "Mradi usukani nishike mimi. Dada yangu mambo yake tunayajua."

Mke wangu akaangalia dirishani. Hayo mambo yake ni haya. Kabla sijamuoa, gari la baba yao liliingia korongoni. Ndani walikuwa wawili, yeye na Rubani. Rubani akamfikia mzee kwanza, akasema dada ndiye aliyekuwa anaendesha. Dada mtu alikana mpaka sauti ikamkauka. Nani amsikilize? Mzee amekufa anamwita "huyu aliyenizikia gari." Tangu siku ya ajali mke wangu, na leseni anayo, hajashika usukani. Nimefundisha nusu ya mji, mke wangu anapanda basi. Hilo donge nimelimeza kila Krismasi na kila harusi, na Rubani ananipigapiga mgongoni akiniita mwalimu.

Mlima wa kwanza nikabonyeza klachi, kidogo tu. Injini ikanguruma kama simba, gari likaenda kama kobe.

"Mwanangu," mama mkwe akauliza kutoka nyuma, "mbona kelele nyingi kuliko mwendo?"

"Gari la wanafunzi hili, mama. Limechoka."

"Na jana lilikuwa zima," nikasema, nikimenya chungwa.

Kwenye kona za juu ya bahari miguu yangu ilikaa kitako. Kisasi kitamu, lakini kinaliwa na aliye hai. Ila kila tulipopata tambarare, au aliposimama akataka kuondoka, nilimgusia breki. Gari likazima. Akawasha. Likazima. Lori la nyuma likapiga honi, dereva akatoa kichwa: "Mjomba, mshushe huyo mwanafunzi, hajaiva!"

Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. Mke wangu hakucheka. Alikuwa anaangalia begi la chapati lilivyokuwa linapanda na kushuka. Macho yetu yakakutana kwenye kioo. Akaziba mdomo kwa mtandio.

"Klachi taratibu, shemeji," nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani. "Usiogope. Hata wanaoanza leo huwa wanajikaza."

Jasho lilikuwa limefika kwenye miwani. Mlima mkubwa ukaja, gari likazima katikati.

"Loo!" mama mkwe akasema. "Kumbe ni ukoo. Dada yako naye mlima ndio ulimshinda."

"Mama, usinifananishe na huyo, hata usukani hakuushika!" Rubani akafoka. "Nilikuwa naendesha mimi, na gari la mzee lilizima hivi hivi, likarudi nyuma lenyewe! Halikuwa kosa langu!"

Lori la nyuma likatupita likipiga honi.

"Rudia," mama mkwe akasema.

Rubani akavua miwani. Mama mkwe akashuka, akazunguka mpaka mlango wa dereva, akanyoosha mkono. Rubani akampa ufunguo kama mtoto aliyekutwa na sukari. Mama akampelekea binti yake. Akamshika shavu tu.

Nilidhani tutamwacha pale barabarani. Mimi ningemwacha, tena ningempungia mkono. Mke wangu akakaa kwenye usukani, akarekebisha vioo. "Kaka, panda nyuma, katikati. Simu unayo?"

"Ninayo."

"Anza na shangazi. Weka sauti kubwa."

Akaondoa gari mlimani bila kulizima. Sikuzigusa pedali. Nilikuwa nimekunja miguu juu ya kiti kama niko jandoni, nisije nikasingiziwa.

Shangazi akapokea. Rubani akasema nusu, mke wangu akapunguza mwendo. "Malizia. Nani alikuwa anaendesha?" Akamalizia. Shangazi akamtukana tusi zuri, refu, la kizamani. Mtandao ulipokatika tulisimama penye mandhari, watu wanapiga picha, sisi tunatafuta mtandao. Baba mdogo. Mama mkubwa. Binamu mwenye mdomo, ambaye ukimwambia yeye umeambia mji. Rubani sauti ikawa ya kuku mwenye mafua. Nikamega chapati, sijapata kula chapati tamu kama ile.

"Wamekwisha," akasema mwishowe. "Dada, nimewapigia wote. Yameisha, eh?"

Hoteli ikatokea mbele, na bendera zake na bwawa la bluu. Mlinzi akafungua geti, akatupigia saluti. Mke wangu hakukata kona.

"Umepita!" Rubani akasema. "Dada, hoteli ile!"

"Nimeiona."

"Sasa tunakwenda wapi?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, kwa upole, huku akimfunga mkanda vizuri. "Makaburini, mwanangu. Baba yako hana simu."

Mke wangu akaingiza gia ya nne.