Kitasa cha Mlango wa Mama Mkwe

Mlango ule sikuutaka mimi. Nilitaka mlango wa mninga, mzito, wenye komeo la chuma ambalo mtu analisukuma na mambo yanaisha. Lakini binti yetu Advera alipopata kazi ya uuguzi Nzega, mshahara wake wa kwanza aliugeuza mlango wa kioo na alumini, ule wa kusukuma pembeni, akauweka mwisho wa korido yetu hapa Chemchem, Tabora, pale panapotokea baraza ya nyuma. Mama yake, Katarina, alilia kwa furaha. Mimi nilisema asante, kisha nikaanza maisha mapya ya kukutana na sura yangu kwenye kioo kila ninapokwenda chooni.

Miaka mitatu ulikwenda vizuri, lazima niseme ukweli. Halafu ikaja wiki ya posa ya Advera, na kitasa kikachagua wiki hiyohiyo kufa. Katarina aliufunga mlango Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi mpini ukawa unazunguka bure, huku na huku, na mlango umeng'ang'ania fremu. Nilichukua kisu cha mezani nikachokoa pale penye tundu. Ncha ya kisu ikakatikia humohumo.

"Sasa umeridhika?" Katarina akauliza.

Fundi wa mtaani alikuja, akafungua mpini wa ndani, akamulika kwa simu. Alisema kati ya mpini wa ndani na wa nje kuna kipande cha chuma bapa, wenyewe wanakiita ulimi. Ukizungusha mpini, ulimi unageuza ndoano, ndoano inaachia fremu. Ulimi wetu umekatika. Bila ulimi mwingine wa aina hiyohiyo, njia iliyobaki ni nyundo. Katarina alisimama mbele ya kioo cha mwanawe, akamtazama fundi mpaka akafungasha vifaa vyake.

Mtu wa mbali atasema, si mzunguke tu kwa mlango wa mbele? Huyo hamjui Katarina, wala hajui ukwe wa kwetu Unyamwezini. Mama mkwe na mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani, anachepuka. Vijana wa mjini wameshaacha mambo hayo. Wanapiga picha na mama wakwe zao wameshikana mabega. Katarina hajaacha, na hana mpango wa kuacha. Siku ya posa wageni hukaa sebuleni, mama hukaa nyuma ya mlango asionekane, na mshenga anapouliza kama mama ameridhika, mama hujibu kwa sauti yake mwenyewe. Hatumi mtu.

Sasa angekaa wapi? Jikoni na choo viko uani. Akikaa chumbani atasikia kila neno, lakini ili aende chooni au akatazame kuku wake jikoni itabidi apite sebuleni, mbele ya mkwe. Akikaa uani yuko huru, ila kioo kile kikishafungwa hata jogoo wa jirani humsikii. Mlango ungefunguka tu kiasi cha kiganja, kila kitu kingekaa sawa.

"Siku yangu mimi, mama yangu alijibu mwenyewe," Katarina aliniambia. "Nilimsikia kwa masikio haya. Nikichoka na ndoa yako, Raymundi, naikumbuka ile sauti, navumilia. Mlango usipofunguka kabla ya Jumamosi, nakwenda kwa dada Kaliua. Siwezi kukaa hapa kama fanicha, mwanangu anaposwa na mimi sisikii."

Advera alipopewa habari kwa simu, alisema, "Baba, tafuta huo ulimi." Sauti ilikuwa imembadilika. Basi nikatafuta.

Nilianza kwa Nishant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Nilimwonyesha picha ambayo Katarina alikuwa ameipiga, kidole chake kikionyesha ulimi uliokatika, ileile aliyomtumia Advera na, nadhani, nusu ya ukoo wetu. Nishant aliivuta kwa vidole, akaipanua, akaigeuza kichwa chini.

"Mzee Raymundi, hii ya zamani. Nina milango, nina vitasa vizima, nina kila kitu."

"Ulimi je?"

"Ulimi sina."

"Basi huna kila kitu."

Alicheka, maana tumezoeana. Akamtumia picha hiyo Alifya, mwenye duka la alumini Nzega, akampigia, akanipa simu. Alifya akapekua huko, nasikia maboksi yanaanguka. "Upo mmoja," akasema. "Wa mwisho." Nilimwomba aniwekee, nikamwomba tena kwa jina la Mungu, na kesho yake nikapanda basi la asubuhi.

Basi lilipasua tairi njiani. Lilipopata tairi, dereva akakumbuka kwamba ana njaa. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, naye akaagiza supu ya pili. Nilifika dukani kwa Alifya jua limeshapinda, shati limenigandia mgongoni, nikajitaja jina.

"Shikamoo mzee. Lakini si umeshachukua?" Alifya akashangaa.

"Nimechukua nini?"

"Ulimi! Alikuja kijana, ana picha ileile kwenye simu. Kipande kilekile, kidole kilekile cha mama kinaonyesha. Nikajua umemtuma wewe."

Sikumtuma mtu. Mtu gani anazurura na picha ya kitasa changu? Anaibaje mtu kidole cha mke wangu, anakipeleka dukani? Njia nzima ya kurudi Tabora nilimlaani kijana yule. Nilimwombea mlango wake ukwame yuko ndani na tumbo linamwendesha.

Jumamosi asubuhi mkoba wa Katarina ulikuwa juu ya kitanda, umeshafungwa. Advera, aliyekuwa amekuja tangu jana yake, alimfuata mama yake kila aendako. Nilitamani kukipiga teke kile kioo. Nilitamani pia kulia, lakini nyumba haikuwa na nafasi ya wawili kulia.

"Naonja mchuzi tu, kisha naondoka," Katarina alisema, akatoka mlango wa mbele, akazunguka kwenda jikoni.

Hapo ndipo wageni walipoingia. Walikuja mapema kuliko walivyosema, jambo ambalo katika nchi hii halijawahi kutokea. Mbele alikuwa Mzee Elieza, mshenga, Msukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Nyuma yake Masele, kijana mwenyewe, anayekagua pamba Nzega, ndani ya koti lililomzidi mabega. Wakakaa sebuleni. Mkoba wa Katarina uko chumbani, Katarina yuko uani, na mkwe yuko katikati. Safari ya Kaliua ikafia hapo, lakini mlango ulikuwa bado umefungwa.

"Mwangaluka, watani!" Mzee Elieza alinguruma. "Wanyamwezi bado mnabeba mizigo ya watu, au siku hizi mnapumzika?"

"Tulikuwa tunapumzika mpaka ulipoletwa wewe. Mzigo gani mzito kama huu?"

Alicheka mpaka kiti kikalia. Tukala karanga, tukaulizana habari za mvua. Kisha akajiweka sawa, akasema maneno ya posa, mazuri, sitayaharibu kwa kuyafupisha. Mwisho akauliza, "Na mama mwenye nyumba yuko wapi? Tumekuja kusikia sauti yake."

Nilipanga kusema anaumwa. Kinywa kikakataa. Nilieleza yote: kitasa, ulimi, tairi, supu ya dereva. Nilipofika kwa mwizi wa Nzega nilisimama kabisa.

"Nikimkamata yule kijana," nikasema, "huo ulimi ataumeza! Na mpini wake juu! Kwa sababu yake mke wangu hawezi kumjibia mwanawe. Mtu kama huyo hana mama?"

Advera alikohoa. Masele alikuwa anatazama viatu vyake. Taratibu akaingiza mkono ndani ya lile koti, akatoa kifurushi kidogo cha karatasi, akakiweka juu ya meza mbele yangu kwa mikono miwili.

"Baba," akasema, "mwizi ni mimi."

Hata Mzee Elieza alirudisha karanga sahanini.

"Advera alinitumia picha. Nikaununua siku ileile. Lakini kwetu mtu hapeleki kitu kwa mama mkwe kabla hajajibiwa. Ingeonekana nanunua jibu. Nikasema nitautoa mama akishajibu."

"Na mama atajibu vipi," nikauliza, nikijitahidi kupunguza sauti, "bila mlango kufunguka?"

Kijana akakitazama kifurushi, kisha akaitazama korido. Niliona usoni kwake kwamba hilo lilikuwa halijawahi kumpitia akilini. Msomi wa pamba! Advera alijifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Nadhani na yeye hakujua.

"Heshima ya Kisukuma hiyo," Mzee Elieza akatamka. "Inafika mpaka inajifungia nje. Sikiliza, mtani: kile si zawadi, ni kifaa cha kazi. Kijana, vua koti."

Mpini wa ndani ulikuwa haujarudishwa tangu siku ya fundi, kwa hiyo pale mlangoni palikuwa na tundu dogo linalopenya upande wa pili, la kumtosha tu aliyeweka mdomo hapohapo. Niliinama nikaita kupitia hapo. Katarina alikuja, nikamweleza. Nilimwona akifungua kitenge kiunoni, kile cha juu, akakitundika kwenye kioo upande wake, kuanzia juu mpaka chini, akabaki kivuli tu. Kisha akasema, "Aje."

"Ngoja nizunguke nikusaidie huko nje," nikasema.

"Wewe na kisu chako kaa mbali na mlango wa mwanangu. Nitashika mwenyewe."

Masele akapiga magoti, ameugeuzia uso ukuta, anapapasa tundu kwa vidole. Mimi nikasimama juu yake, ndimi mkalimani.

"Baba, naomba umwambie mama kuna kipande cha kisu ndani. Nitakisukuma, yeye akivute."

"Katarina, anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie ninacho kibano cha kutolea miiba."

"Anasema anacho..."

"Nashukuru, mwambie."

Ncha ya kisu changu ilitoka. Katarina aliidondosha sakafuni makusudi, niisikie. Masele akachukua ulimi mpya, akaupenyeza. Kazi ilitaka mtu wa nje abane mpini wake sawasawa na tundu, na wa ndani auingize ulimi mpaka unase.

"Mwambie mama asogeze kidogo kushoto."

"Kushoto, Katarina."

"Mwambie nimesogeza."

"Umezidi, mwambie arudishe."

"Nirudishe au nishushe? Mwambie aseme vizuri!"

Mate yalikuwa yananikauka. Kila nikifungua mdomo, neno limeshapita. Ulimi ulinasa, ukateleza, ukanasa tena. Masele jasho linamtiririka shingoni.

"Kushoto tena!" akasema.

"Kushoto kwako au kwangu?" Katarina akauliza.

Nilisogea pembeni. Sikuulizwa mimi.

Miaka yote niliyoishi na Katarina sijawahi kumwona akimwelekezea mkwe neno, si wa kaka yake, si wa jirani. Kivuli chake kilikuwa kimesimama wima nyuma ya kitenge.

"Kwako, mama," Masele akasema polepole.

"Haya. Ingiza sasa. Usilegeze."

"Silegezi, mama."

Ulimi uliponasa, Masele akaurudisha mpini wa ndani kwa skrubu zake na bisibisi yangu, akauzungusha, na safari hii ulikuwa na uzito. Ndoano ikaachia fremu kwa mlio mdogo tu. Hakuna aliyeusukuma mlango. Masele aliinuka akageukia ukutani, na pembeni mwa kitenge niliona mgongo wa Katarina. Nikausukuma mimi, kiasi cha kiganja. Harufu ya kuku ikaingia ndani.

Tulirudi kukaa. Masele akavaa koti, mikono bado ina grisi. Mzee Elieza alisafisha koo na kuuliza upya, mara hii akiielekea korido. "Mama mwenye nyumba, tumekuja kumwomba binti yako Advera. Baba yake amesikia. Na wewe umeridhika?"

Advera alinishika mkono, akaubana mpaka vidole vikauma, na mimi nikambana vilevile. Nilisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini huko nyuma. Kisha ikaja sauti ya mke wangu, haitetemeki, inafika kila pembe ya nyumba.

"Nimekubali. Ila ile skrubu ya chini hajaikaza. Arudi aikaze."

Advera akaangua kilio, mdomo unacheka. Mzee Elieza alikuwa anaanza kunipa mkono, lakini Masele alikuwa ameshafika korido, bisibisi mkononi.