Wimbo wa Mwanakheri Usio na Maneno

Mwaka wa themanini na sita Mwanakheri binti Boga alirudi kwao Bofu na masanduku mawili na talaka moja, na wala hakulia. Aliyelia ni mamake, Bi Mwanasaumu, kwa siku tatu mfululizo. Babake, Mzee Boga, aliendelea na kazi zake. Alikuwa fundi wa redio, ana duka lake dogo kando ya barabara ya Likoni, na siku ya nne alimwita bintiye, akamsogezea kigoda na kumpa chuma cha kulehemu.

"Kaa hapa," alimwambia. "Mikono isiyokuwa na kazi huchokora vidonda."

Mwaka haukwisha, wateja wakajua kwamba redio ikimshinda Boga hupewa binti.

Ndipo asubuhi moja likasimama mbele ya duka gari la hoteli fulani ya Diani. Aliteremka kijana wa Kizungu, mrefu, mwembamba kama mlingoti, amebeba mashine kifuani kama abebaye mtoto mgonjwa. Alikuwa Mholanzi, kazi yake kuwapigia watalii santuri. Jina lake lilikuwa Maarten, lakini Wadigo hawakuona haja ya kuzihangaisha ndimi zao. Walimwita Matano, naye akaitika.

Mashine ile ilikuwa ya kuchanganyia sauti, na chumvi ya bahari ilikuwa imeila matumbo. Mwanakheri aliifungua, akaisugua kila waya kwa spiriti na kulehemu mahali palipokatika. Adhuhuri haijaingia, ikanguruma. Ili kuijaribu, Matano aliteremsha kutoka garini meza mbili za kuzungushia santuri, akaziweka juu ya benchi la kazi. Akaweka santuri moja, kisha ya pili, sikio moja limezibwa na kisikilizio, vidole vikiigusa sahani kama mtu apimaye homa. Mwanakheri alisimama akisikiliza. Baada ya muda alishtuka: wimbo uliokuwa ukilia sio ule ulioanza.

"Umekata wapi?" aliuliza.

"Mimi hapana kata," Matano alijibu kwa Kiswahili chake cha jikoni.

"Sasa ule wa kwanza umeishia wapi?"

"Bado. Iko ndani ya hii ingine."

Mwanakheri aliinamia sahani zile mbili. Kisha akasema, "Rudi Jumatatu unifundishe."

Mzee Boga alikuwa nyuma ya gazeti. Hakuliteremsha. "Mlango utakaa wazi," alisema, "na mimi nitakaa papa hapa."

Basi kila Jumatatu, siku ya mapumziko ya Matano, mlango ulikaa wazi na mzee akakaa na gazeti lake. Mwanakheri alijifunza kuhesabu nne kwa nne, kusikia nyimbo mbili kwa mpigo mmoja, na kuuchelewesha mmoja mpaka umsubiri mwenzake. Tatizo lilikuwa moja tu. Meza za namna ile hazikuwako Likoni nzima, na nyimbo za harusi za pwani zilikuwa kwenye kanda. Kanda haina pa kushika. Ukiitia mashineni hukimbia kwa mwendo wake yenyewe, upende usipende.

Mwanakheri aliwaza juma zima. Kisha akachukua mashine mbili za kaseti zilizoachwa dukani na wenyewe, akazifungua na kuzitoa mota, akaunga kila mota na kitufe cha kuzungusha alichokitoa kwenye redio mbovu. Ukizungusha kulia, kanda inakwenda mbio. Ukizungusha kushoto, inatembea kwa maringo. Matano alipoona, alicheka mpaka akakaa chini.

"Hii Holland hakuna," alisema.

"Hata hapa hakuna," Mwanakheri alijibu. "Iko kwenye meza hii tu."

Siku ya kwanza ya kuipiga mbele ya watu haikupangwa. Binamu yake Mwanarusi alikuwa akipambwa, alasiri, katika ua uliozungushiwa makuti, na wanawake wamekwisha vua mabuibui, nywele wazi, dhahabu shingoni. Disko ilikodiwa kwa bwana mmoja aitwaye Ngowa. Alifunga vyombo vyake mapema, akabonyeza na kutoka nje kama ilivyo ada, kwani hapo mwanamume haingii. Chakacha ilipokolea, mashine ikaila kanda. Ua mzima ukanyamaza.

Ngowa akapaza sauti kutoka nje ya makuti. "Nifungulieni niingie niitengeneze!"

"Thubutu!" walijibu wanawake mia kwa sauti moja.

Mwanakheri alikuwa akigawa halua. Aliweka sinia chini, akakimbia dukani na kurudi na mashine zake mbili zimefungwa katika leso. Aliunga nyaya kwenye spika za Ngowa, akaanza. Chakacha ya kwanza iliingia ndani ya ya pili, ya pili ndani ya ya tatu, na pasiwe na mwanya hata wa kupitisha sindano. Wanawake walingoja wimbo uishe wakae, haukuisha. Baada ya saa nzima bibi mmoja alikuja mezani, jasho linamtiririka, amejishika kiuno.

"Mwanangu," alimwambia, "tupe japo nafasi ya kumeza mate!"

Kuanzia siku hiyo hakukuwa na harusi Likoni bila Mwanakheri. Habari zilivuka kivuko cha Mtongwe, zikafika Changamwe na Kisauni. Wenye harusi walibadilisha tarehe kwa ajili yake. Ami yake Bakari alikuja nyumbani amekunja uso, akasema ni aibu binti wa ukoo wao kuwa mpiga disko.

"Awapigia nani?" Mzee Boga alimuuliza.

"Hilo si neno."

"Ndilo neno. Awapigia wake zetu na mama zetu, uani, milango imefungwa. Ulitaka apige mwanamume?"

Bakari akaketi. Kahawa ilipoletwa, akanywa.

Bi Mwanasaumu hakusema habari ya aibu. Lake lilikuwa jingine, nalo lilimchoma Mwanakheri zaidi. Mama huyo alikuwa mtunzi. Beti zake ziliimbwa katika harusi za pwani kote, na akimrushia mtu kijembe, mtu huyo hukaa nacho mwaka.

"Unapiga maneno ya wenzio," alimwambia bintiye. "Hodari, sikatai. Lakini neno lako wewe liko wapi?"

 Mwanakheri hakujaliwa kutunga. Alijaribu mara mbili kwa siri, akachana karatasi.

Matano alirudi kwao mwaka wa themanini na tisa. Barua zake zilikuja moja moja, kisha zikakatika. Mwaka wa tisini na tatu kikaja kifurushi. Ndani mlikuwa na ngoma ya umeme, kijisanduku chenye vitufe kumi na sita, na kanda moja, na barua. Matano aliandika kwamba sasa anatengeneza muziki wake mwenyewe, kwamba Rotterdam watu elfu tatu hujaa katika ghala kuukuu kuja kucheza, na santuri yake inauzwa mpaka Ujerumani. "Wewe sikiliza," aliandika, "halafu wewe tengeneza."

Waliisikiliza sebuleni. Ilikuwa ngoma moja, pum, pum, pum, na juu yake sauti kama maji yanayopanda taratibu. Robo saa ikapita.

"Ataanza kuimba saa ngapi?" aliuliza Bi Mwanasaumu.

"Haimbi, mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Basi mwandikieni, aende hospitali." Akainuka kwenda kutazama mchuzi wake.

Jirani yao Nyamvula ndiye aliyebaki. Alikuwa mama wa Kigiriama, mzaliwa wa Kaloleni, aliyekuja kuchukua redio yake. Alisikiliza upande mzima wa kanda, kichwa kimeinama.

"Huyu Mzungu kayamba alijifunza kwa nani?" aliuliza.

"Kayamba? Hakuna kayamba humo, mama Nyamvula."

"Chombo hakimo. Mwendo umo." Nyamvula alipiga paja lake taratibu. "Kwetu kayamba halina haraka. Hupigwa hivyo hivyo, hivyo hivyo, mpaka mwili wenyewe ukubali. Akili yangoja neno, mwili haungoji."

Usingizi ulimpaa Mwanakheri siku hiyo. Kulipopambazuka alibisha hodi kwa Nyamvula.

Walifanya kazi miezi mitatu. Walipigilia magodoro kwenye kuta za duka ili honi za barabarani zisiingie, na joto likawa la tanuri. Nyamvula alikuja na shemeji zake wawili na makayamba yao, wakatikisa huku jasho likidondoka vidoleni. Mwanakheri alirekodi, kisha akapiga kanda hiyo huku akirekodi kwenye nyingine na kuongeza ngoma ya umeme. Kisha tena, akiongeza ngoma ndogo ya chapuo. Kisha tena, akiongeza vigelegele vya shemeji mmoja alivyovirefusha kwa kitufe chake mpaka vikawa kama upepo.

Lakini kila alipohamisha kutoka kanda hadi kanda, mvumo uliongezeka, shhh, kama mchanga unaomwagwa. Mara ya tano mvumo ulikuwa mkubwa kuliko ngoma. Alifuta yote. Akaanza upya, akafuta tena. Siku moja aliweka kichwa juu ya benchi, akasema, "Mimi siwezi."

Nyamvula alikuwa akifunga kayamba lake. Likatikisika kidogo, shhh. Mwanakheri akainua kichwa.

"Tikisa tena," alisema.

Nyamvula akatikisa. Mbegu ndani ya matete zililia sauti ile ile ya mvumo. Mwanakheri alianza kucheka. Aliyaweka makayamba mwisho kabisa, juu ya sauti zote, yakitikiswa sawasawa na mpigo, na mvumo wote wa kanda ukapotelea humo. Ulioharibu wimbo sasa ukawa ndio unaoubeba.

Kanda hiyo haikupigwa mbele ya watu mpaka harusi moja ya Mishomoroni, mwaka wa tisini na tano. Mwenye shughuli, Bi Mwanarehema, alikuwa akimwoza binti wa pekee. Aliweka turubai uwanja mzima, akaalika wanawake mia nne, akaleta kikundi cha taarabu cha wanawake kutoka kisiwani kuimba beti mpya za Bi Mwanasaumu. Ziliimbwa, zikatuzwa, watu wakasimama. Bi Mwanasaumu alirudi kitini ameinua shingo. Ndipo ikaja zamu ya bintiye.

Mwanakheri alitia kanda yake.

Ngoma ikaanza, peke yake. Wanawake walitazamana. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Viti havikusogea. Mtu mmoja nyuma akaita, "Dada, maneno yako wapi?" Wengine wakacheka. Mkono wa Mwanakheri ulikuwa juu ya kanda ya chakacha, ile ya siku zote, ile isiyomwangusha. Aliigusa. Kisha akauondoa mkono, akaushika na mwenzake nyuma ya mgongo.

Makayamba yakaingia.

Wa kwanza kuinuka alikuwa nyanya wa bibi harusi, mzee wa miaka sabini na ushei, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilalamikia magoti. Hakucheza kwa madaha. Alitembea tu, akitikisa mabega, macho amefumba. Wajukuu wakamfuata wakidhani wanamshika asianguke. Hawakurudi. Bi Mwanarehema akaingia, na waimbaji wa taarabu wakaweka vyombo vyao chini wakaingia, na turubai lote likawa mwili mmoja unaokwenda duara, wanawake mia nne, miguu ikishuka pamoja hata vikombe vya sharubati vikacheza mezani. Ngoma ilipanda taratibu, ikapanda, na vigelegele vya kwenye kanda vilipokuja, vilipokewa na vigelegele vya watu hata pasijulikane vipi ni vipi. Mwanakheri alisimama nyuma ya meza, machozi yanamtoka, anacheka.

Mtu mmoja tu alikuwa amekaa. Bi Mwanasaumu alikuwa kitini, mikono mapajani, uso haumwambii mtu kitu.

Baada ya dakika ishirini na kitu aliinuka, akapita katikati ya wachezaji moja kwa moja mpaka mezani. Mwanakheri alidhani anakuja kuzima. Mama alivua leso yake ya mabegani, mpya, ya siku hiyo, akamzungushia bintiye kiunoni, akafunga fundo na kulikaza. Kisha akageuka kuwakabili watu, akaanza kucheza.

Asubuhi ya pili yake, wakinywa chai, ndipo aliposema. "Nilikuwa nimekaa natafuta pa kutia ubeti."

"Ukapata, mama?"

"Sikupata. Pamejaa." Alikoroga chai yake. "Usikubali mtu akuongezee neno humo. Hata mimi."

Kanda ile ilienda kwa miguu yake yenyewe. Juma la tatu ilikuwa inalia sokoni Kongowea, wachukuzi wakisukuma mikokoteni kwa mpigo wake. Madereva wa malori waliibeba bara. Mwanakheri alimpelekea Matano nakala. Miezi ikapita, kisha ikaja bahasha kubwa ya mraba. Ndani mlikuwa na santuri mpya, nyeusi, inayong'aa, na katikati yake imeandikwa kwa herufi za dhahabu: Mwanakheri Boga, Likoni. Chini, kwa herufi ndogo: kayamba, Nyamvula na shemeji zake. Matano aliandika kwamba aliipiga mbele ya watu elfu nane, na ilipofika kwenye vigelegele alizima taa zote, akaacha watu na sauti.

Mwaka wa tisini na saba alikuja mwenyewe, sasa mtu maarufu, ana upara kidogo, na magazeti ya kwao yamempiga picha. Alifika Likoni, akaambiwa Mwanakheri yuko harusini Changamwe. Akaenda. Mlangoni alikutana na mabibi wawili wanene wamekaa juu ya viti.

"Mimi rafiki yake," alisema. "Mimi pia dijei."

"Hongera, babangu," alijibu mmoja. "Wanaume kule."

Kwa hiyo Matano aliketi nje mkekani pamoja na wanaume, sinia la pilau mbele yao, na muziki unaruka ukuta. Alikuwa anakula kwa mkono na kutikisa kichwa. Kuna mtu aliuliza huyu Mzungu ni nani. Ami Bakari, ambaye siku hizo hakukosa harusi yoyote aliyopiga Mwanakheri, alijisafisha koo.

"Huyu," alisema, "ni dijei mkubwa sana wa Uholanzi. Watu maelfu humfuata. Ni mwanafunzi wa binti yetu."

Wanaume wakamgeukia Matano waone kama atakana.

"Ndiyo," alisema, mdomo umejaa pilau. "Kweli kabisa."

Wakamsogezea nyama.