Waya za Wegesa

Katibu wa kijiji chetu alimng'oa binti yangu waya za meno kwa koleo la baiskeli, akidhani ni fedha.

Meno ya mbele ya Wegesa yalikuwa yamepandana hata mdomo haukufunga vizuri. Daktari wa misheni pale Musoma aliyavika pete za chuma, kila jino na yake, akazigandisha kwa saruji ya meno, halafu akapitisha waya nyembamba ya kuyavuta. Kila mwezi tulidandia lori la pamba kwenda kuikaza. Meno yakaanza kutii.

Siku moja katibu, Boniphace, alimwona Wegesa akicheka kwenye shamba la ujamaa. Jioni akanisimamisha mkutanoni.

"Ndugu Mseti, wenzako wamechanga mpaka kuku ili tujenge zahanati. Wewe unaficha fedha mdomoni mwa mtoto!"

"Ni chuma cha pua, ndugu katibu. Kama mkasi wa hospitali."

"Chuma kinashikaga kutu. Hicho mbona kinang'aa?"

"Kwa sababu anapiga mswaki. Jaribu na wewe."

Watu waliangua kicheko. Boniphace hakucheka.

Wiki iliyofuata nilikwenda Bunda kupeleka pamba kiwandani. Huku nyuma Boniphace akamwita Wegesa ofisini, akamwita na Masatu, fundi baiskeli. Masatu mwenyewe ndiye aliyenieleza, macho yakiwa chini.

"Kaka, nilimwambia zimegandishwa. Akasema vuta, hiyo ni mali ya kijiji."

"Nawe ukavuta?"

"Nikavuta."

Pete hazikutoka zenyewe tu. Nilimkuta mwanangu amejifunga kanga mdomoni, imelowa damu. Nikaenda kwa Boniphace. Hata kiti hakunipa.

"Tulia, ndugu. Sonara akishapima, utapewa risiti."

"Risiti ya meno?"

Sonara wa Musoma alisugua waya ile kwenye jiwe lake mara moja, akaitupa mezani. Chuma. Boniphace alirudi nayo mfukoni, na hadi leo hajaniambia pole. Daktari naye alikuwa amekwisha kurudi kwao, na mwingine hakuletwa.

Hasara ni hii. Jino moja la mbele liling'oka na mzizi wake. La pili lilikatikia kwenye fizi. Manne yaliyobaki yamerudi kupandana. Wegesa ameacha kwaya, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Zahanati haikupata hata msumari.